Kopo Lililovimba Halionjwi

Mwenyekiti amenipa robo saa nijibu maswali yenu kuhusu vyakula vya makopo. Ninayo hapa mkononi, 11. Nimeyasoma yote, na karibu yote yanaogopa visivyotisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kopo lililovimba, jambo ambalo nimelipigia kelele tangu nilipoanza kufundisha sayansi kimu. Basi naanza na lisiloulizwa, mnisamehe.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni. Kijana kapanga makopo ya maharage juu ya turubai, nusu bei. Nikainua moja, kifuniko kimetuna kama shavu la mtu mwenye andazi mdomoni. Nikamwambia, "Mwanangu, hili limevimba." Akacheka, akalibonyeza kwa dole gumba, tik! Kifuniko kikalala. "Limepona hilo, mwalimu." Nikaligeuza: kitako kimechomoza kama kitovu cha mtoto. Nikabonyeza kitako, kifuniko kikainuka. Tukacheza hivyo, yeye juu mimi chini, mpaka watu wakajaa. Ndipo mama mmoja, nadhifu kabisa, akanisogelea kunifundisha kazi: "Mimi huwa nalitoboa kwanza hewa itoke, halafu naonja kidogo. Kama halijachacha, napika."

Anaonja kidogo! Jamani, hiyo hewa imetoka wapi? Kiwandani kopo hufungwa kwanza, ndipo hupikwa kwa mvuke wenye mgandamizo, wenye joto la nyuzi 121 hivi. Sababu ni bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake zinastahimili maji yanayochemka. Joto lisipotosha, au mshono ukivuja, wadudu wanazaana humo ndani na kutoa gesi. Sumu ya huyu niliyemtaja haina harufu wala ladha. Sasa ulimi wa yule mama unapima nini? Ukishaimeza sumu hiyo kope zinalegea, unaanza kuona vitu viwiliviwili, kumeza kunakushinda, na mwisho pumzi. Hiyo "kidogo" yake inatosha.

Najua mnachotaka kusema: "Mwalimu, si tunachemsha?" Hapa Arusha, kwa mwinuko wetu huu, maji yanatokota yakiwa kwenye nyuzi kama 95 tu. Sikatai, ukichemsha sawasawa na kwa muda wa kutosha ile sumu huvunjika. Lakini yule mama ameshaonja kabla sufuria haijapanda jikoni! Na zile mbegu bado hai, zinasubiri kiporo. Kwa hiyo halitobolewi, halionjwi, hapewi hata mbwa. Lifunge kwenye mfuko, ulitupe mahali ambapo watoto hawaokoti.

Haya, maswali yenu. "Makopo yamejaa dawa?" Kinachohifadhi ni joto na kule kufungwa. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia hii mwaka 1810, akitumia vyombo vya kioo, wakati hata Pasteur, yule mwanasayansi aliyekuja kuonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyochachusha chakula, hajazaliwa. Appert hakujua kwa nini inafanya kazi, ila ilifanya. Waingereza wakaleta kopo la bati, wakakaa zaidi ya miaka 40 wakilifungua kwa nyundo na patasi kabla mtu hajabuni kifungulio. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua samaki wa kopo kwa panga, kwa hiyo siwacheki.

Kopo lililobonyea? Kama ni ubavuni kidogo na mshono ni mzima, kula. Limebonyea kwenye mshono, au kutu imelila mpaka ukikwangua panatoboka, liache dukani. Nyanya zilizobaki hamishia kwenye bakuli. Ule uchachu ukishapata hewa unakula bati. Kopo zima usilibandike juu ya mkaa, litakupasukia usoni. Mengine ya namna hiyo nayaruka.

Nilitaka nikae kidogo kwenye haya makopo matupu ya rangi na ya dawa za mbogamboga, maana nimeona watu wanachotea maji ya kunywa, na mtu ananiambia, "Nimelisugua kwa majivu, mwalimu." Kwa majivu! Hata mchele usipimie humo. Naona mwenyekiti ameshasimama. Lile swali la mwisho, la maziwa ya unga ya mtoto, aliyeuliza anifuate pale kwenye chai, na aje na kopo lenyewe.