Vumbi unalorudi nalo nyumbani: maongezi na mafundi wa paa kuhusu asbesto

Haya, habari zenu. Wale wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi huku kivulini manake kipaza sauti kimegoma, itabidi nitumie koo langu tu.

Najua wengi mmekuja kwa sababu ya zile nyumba za kota, paa zinataka kubadilishwa na kila fundi ashaanza kupiga hesabu. Ni sawa, kazi ni kazi. Ila kabla hujapanda ngazi nisikilize kidogo.

Lile paa la asbesto, la kijivu, lile zito, fundi akiligonga tu analijua. Haliliwi na kutu, mvua ikinyesha halipigi kelele kama bati, mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi, na ukilikunja halikunjiki, linavunjika kama biskuti. Kusema ukweli ni paa zuri, hata mimi nimelelewa chini yake, na tulipokuwa watoto vile vipande vilivyoanguka tulikuwa tunachorea chini, tunaviita chaki, na hakuna mzazi aliyetukataza manake hata wao hawakujua.

Sasa asbesto yenyewe ni jiwe. Lakini jiwe la ajabu, ukilipasua linatoa nyuzi, ukizipasua hizo nyuzi unapata nyembamba zaidi, unaendelea hivyo hivyo mpaka unafika kwa nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona. Haziungui na haziozi, ndio maana watu walizipenda. Kwenye lile bati la asbesto simenti ndio nyingi, asbesto huwa kama asilimia 10 hadi 15 hivi, na simenti ndiyo inayozishika. Kwa hiyo paa likiwa zima na limetulia huko juu halikufuati kitandani. Tatizo linaanza siku unapanda na grinda.

Manake ukilikata kavu zile nyuzi zinatoka zinaelea hewani masaa na masaa, unavuta pumzi zinaingia mpaka chini kabisa kwenye pafu. Pafu lina askari wake wa kumeza uchafu, wanajaribu kuumeza ule uzi wanashindwa, uzi unabaki, pafu linaweka kovu, kovu juu ya kovu, mpaka linakuwa gumu na mtu anapanda ngazi tatu tu anatweta kama ametoka mbio. Hiyo ndio asbestosisi. Halafu kuna saratani ya mapafu, ya koo kwenye kisanduku cha sauti, ya mfuko wa mayai kwa wanawake, na kuna ile inayoitwa mesotelioma, inashika utando unaozunguka pafu au tumbo. Na haiji kesho. Mesotelioma inaweza kukaa miaka 20, 30, hata 50 ndio ijitokeze. Unakata ukiwa kijana wa miaka 22, unaugua ukiwa babu, na wakati huo nani atakumbuka lile paa?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kila mwaka watu zaidi ya 200,000 wanakufa kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Kijana wa kofia nyekundu naona unatabasamu, unajiambia mimi nina mapafu ya chuma. Sawa, tuache mapafu yako. Ngoja nikupeleke Afrika Kusini, Northern Cape, sehemu za Prieska na Kuruman, walikokuwa wanachimba asbesto ya bluu. Mwaka 1960 daktari mmoja anaitwa Wagner na wenzake walitoa ripoti ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, ugonjwa ambao madaktari wengi wakati huo hawajauona hata mara moja. Walipouliza huyu amefanya kazi wapi, huyu je, wakakuta wengine hawajawahi kuingia mgodini hata siku moja. Waliishi tu jirani, walikuwa watoto wanacheza kwenye malundo ya mabaki ya mgodi. Baadaye wagonjwa na familia zao, zaidi ya 7,000, waliishtaki kampuni ya Cape iliyokuwa inachimba asbesto, huko huko Uingereza ilikotoka, wakapambana mpaka Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, likaamua mwaka 2000 kwamba kesi isikilizwe kule, na malipo yakaja 2003. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Na London nako, 1965, watafiti wakakuta wagonjwa ambao kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mtu anayefanya kazi na asbesto. Anarudi jioni, mke anapokea ovaroli, anaikung'uta, anaifua. Ni hivyo tu. Kwa hiyo wewe fundi unapokung'uta nguo zako pale mlangoni na mtoto anakukimbilia mguuni, mimi hiyo ndio picha nataka ubaki nayo, siyo mapafu yako ya chuma.

Basi tufanyeje. Kwanza kwetu hapa Kenya kanuni za taka zinahesabu asbesto kama taka hatari, kwa hiyo siyo kitu cha kubeba na mkokoteni ukamwage kwenye shimo la barabara. NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, wana utaratibu, anayesafirisha awe na leseni, na inazikwa pahali palipokubaliwa. Najua mtaniambia ni gharama. Ndio, ni gharama, basi iandike kwenye kotesheni kama unavyoandika misumari, mwenye nyumba alipe, wewe usiilipe na kifua chako.

Juu ya paa, lowesha. Maji kidogo kidogo kama unanyunyizia mboga, siyo kwa presha, presha inachimbua. Ukilowesha paa linateleza na hilo bati halibebi mtu, kwa hiyo kanyaga mbao, usikanyage bati. Grinda iache nyumbani. Fungua misumari, toa bati likiwa zima, mpokezane mpaka chini, usirushe jamani, najua kurusha kunapendeza. Funga na nailoni nzito mara mbili. Usifagie kavu, futa na kitambaa chenye maji na hicho kitambaa nacho kiende na taka. Barakoa ile ya korona haisaidii hapa, unataka ile ya kuzuia vumbi laini inayobana uso vizuri, na ukiwa na ndevu nyingi haibani. Nguo vua hapo hapo kazini. Na mwajiri ndiye anatakiwa kununua hivyo vifaa, sheria ya usalama kazini ya 2007 iko upande wako.

Kuna mama aliniuliza pale getini kuhusu maji ya mvua ya hilo paa. Mama, Shirika la Afya Duniani wameliangalia sana hilo swali na hawajapata ushahidi wa kueleweka kwamba kuyanywa kunaleta ugonjwa, hatari ni ya kuvuta kwa pumzi. Kwa hiyo usipandishe kijana akakwangue ukungu wa paa kwa brashi ya chuma eti maji yawe masafi. Hapo ndio umeliamsha vumbi.

Ndio, mzee, nimekuona. Anasema amekata haya mabati miaka 15 bila kujua, sasa afanye nini. Asante kwa kuuliza mbele ya watu. Sitakudanganya mzee wangu, hakuna dawa ya kuzitoa zile nyuzi, na pia siyo kila aliyezivuta anaugua. Unavuta sigara? Unavuta. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1979, waliofanya kazi na asbesto bila sigara hatari yao ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa kama mara 5 ya mtu asiyevuta sigara wala kufanya kazi na asbesto, waliokuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Kwa hiyo hiyo pakiti iliyo mfukoni ndio kitu pekee ambacho leo bado kiko mikononi mwako. Na ukikohoa ukaenda hospitali, usingoje uulizwe, mwambie daktari nilikata asbesto miaka 15, manake hapa kwetu kikohozi kirefu wazo la kwanza ni TB, na mtu anaweza kumeza dawa za TB miezi 6 kwa ugonjwa ambao siyo TB. Mwambie akuandikie kwenye faili. Tukimaliza njoo uniambie ulifanya kazi wapi na wapi, tuandike pamoja kwenye karatasi, uwe unatembea nayo.