Lakatos na sayari mbili za Le Verrier

Wanafunzi na walimu wenzangu, leo namzungumzia Imre Lakatos, mwanafalsafa wa sayansi, Mhungari aliyezaliwa Debrecen mwaka 1922, akakimbia nchi yake mwaka 1956, akafundisha London hadi alipofariki mwaka 1974. Swali lake lilikuwa hili: mtafiti aiache nadharia yake lini?

Mwanafalsafa Karl Popper alishafundisha kwamba nadharia ya kisayansi hukubali kujaribiwa, na utabiri wake ukishindikana, imeanguka. Lakatos alimheshimu sana Popper, lakini alipoichimba historia aliona wanasayansi wakubwa hawakuwa wepesi hivyo wa kukata tamaa. Nami naamini walikuwa na haki.

Mtazameni Urbain Le Verrier, mwanaastronomia wa Ufaransa. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyotokana na kanuni za Newton. Le Verrier hakumtupa Newton. Alisema ipo sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu, akataja mahali pa kuitafuta. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle aliielekeza darubini ya Berlin huko, akaikuta Neptuni, tofauti haifiki hata digrii moja!

Utaridi nayo ilikuwa na kasoro yake. Ile sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua husogea kupita hesabu za Newton, kwa kiasi tunachokijua leo kuwa sekunde za pembe 43 hivi kwa karne (sekunde moja ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Mwaka 1859 Le Verrier akarudia maelezo yale yale: kuna kitu tusichokiona, huko karibu na Jua. Sayari hiyo ikapewa jina, Vulcan, ikatafutwa kwa miongo kadhaa. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein aliieleza kasoro ile kwa nadharia mpya ya uvutano.

Lakatos anasema tusipime nadharia moja moja, tupime programu nzima ya utafiti. Programu ina kiini kigumu, hapa kanuni za Newton, na kukizunguka kuna ukanda wa kinga: idadi ya sayari, usahihi wa vifaa, na kadhalika. Kurekebisha ukanda ni halali kabisa. La kuuliza ni kama rekebisho linatabiri jambo jipya, na jambo hilo likaonekana. Likifanya hivyo, programu inasonga mbele. Ikibaki kuziba nyufa tu, inadidimia.

Ugumu ni kwamba mwaka 1859 hakuna aliyeweza kujua kuwa Vulcan haitapatikana kama Neptuni ilivyopatikana. Rafiki wa Lakatos, mwanafalsafa Paul Feyerabend, alimbana hapo hapo: kama kusubiri kunaruhusiwa, kwa nini nisisubiri zaidi? Lakatos alijibu kwamba unaweza kuing'ang'ania programu inayodidimia, mradi ukiri hatari yake waziwazi. Ila wahariri wanaweza kukataa makala zako, na wafadhili wakakunyima fedha. Jibu hili linaniridhisha nusu tu. Aliyenyimwa fedha na jarida atautoa wapi huo utabiri mpya wa kuiokoa programu yake?