Boksi kwanza, tuktuk baadaye

Asanteni walimu, na nyinyi vijana habari zenu. Nimeambiwa niongee juu ya mashine ya spreyi ya rangi, hii tunaita bunduki, na mnavyoona sijabeba makaratasi, nimebeba boksi tu ya mafuta ya kupikia nimeitoa soko la Kibuye asubuhi, kwa sababu bunduki ikisumbua hii boksi ndio itakuambia inaumwa wapi.

Mafundi wengi rangi ikikataa wanakimbilia nobu za kurekebisha, anazungusha hii, anazungusha ile, mwisho hata hajui alianzia wapi. Tulia. Simama kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa boksi, vuta triga mara moja uachilie, mkono usisogee. Angalia alama. Inatakiwa iwe ndefu, kama yai limevutwa, juu na chini sawa. Ikiwa imejaa upande mmoja, nobu usiguse, legeza ile kofia ya mbele uigeuze nusu mzunguko upige tena pembeni. Upande mzito umehama? Uchafu uko kwa kofia. Umebaki palepale? Basi ni nozo, ule mdomo wa kutoa rangi, imeziba ama imelika. Hujatumia hata bob. Na vitundu vya kofia na nozo jamani msivichokonoe na waya, nilishaona mtu na sindano ya kushonea, tundu likapanuka bunduki ikabaki ya kunyunyizia sukuma wiki. Loweka kwa thina, toa na kijiti cha meno.

Ikitema-tema, phu phu phu, hewa imeingia kwa njia ya rangi. Nozo haijakazwa, ama rangi imeisha na umeinamisha kikombe, ama kale katundu ka kifuniko cha kikombe kamezibwa na rangi ya juzi. Hiyo ya mwisho hunichekesha, mtu anabomoa bunduki yote kumbe ni kifuniko!

Presha, someni ile imeandikwa kwa bunduki yenyewe. Hizi za HVLP, yaani za hewa nyingi kwa presha ndogo, nyingi zinataka kama psi 25 hadi 30, hiyo psi ni kipimo cha presha, na upime hapo kwa mpini wa bunduki triga ikiwa imevutwa, si kwa tanki la kompresa, maana hosi ndefu inakula presha. Rangi na klia, ile ya juu ya kung'arisha, nozo ya milimita 1.3 ama 1.4, praima nzito, ile ya chini ya rangi, 1.7 ama 1.8. Kazi ikitoka kama ganda la chungwa, rangi ni nzito ama presha ni kidogo ama uko mbali. Ikilia machozi umekaribia sana ama umezidisha thina.

Sasa maji, na hapa ndio Kisumu inatumaliza. Wenzetu wa Nakuru wanalia vumbi, sisi tuko na ziwa. Kompresa ikibana hewa inapata moto, hewa ikipoa ule unyevu unageuka maji ndani ya tanki, yanafuata hosi mpaka kwa kazi yako. Mimi nilipiga rangi tuktuk ya mtu jioni moja ya Aprili, mvua imetoka tu kunyesha, nyeusi safi kabisa, nikaenda kunywa chai, kurudi imeota vidoti na ingine imepauka kama imemwagiwa maziwa. Vidoti ni maji ya tanki, sikuwa nimefungua ile koki ya chini ya kumwaga maji siku tatu. Kupauka ni thina ya haraka, ikipaa inapoza rangi, unyevu wa hewa unatua juu yake. Nikapiga msasa yote, thina ikatoka kwa mfuko wangu, mwenyewe akakaa siku mbili bila kazi na alinikumbusha kila saa.

Naona mkono. Maski? Ile ya kitambaa inazuia vumbi tu dadangu, rangi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuifanya iwe ngumu, inataka maski ya kuletewa hewa safi kwa hosi, ama angalau ya katriji za kaboni zenye kichujio cha ukungu wa rangi, na mlango wazi. Hapana, leso haitoshi, hata ukiilowesha.

Haya, wewe wa ovaroli ya blu, njoo ushike. Nimelegeza kitu moja makusudi, piga boksi utuambie ni nini.