Samaki wa Macho Matatu: Kejeli ya Siasa Mezani kwa Familia

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa Moshi,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumzia The Simpsons, katuni ya familia iliyobuniwa na Matt Groening, ambayo imekuwa ikirushwa na televisheni ya Fox ya Marekani tangu Desemba 1989. Baba, Homer, ameajiriwa katika mtambo wa umeme wa nyuklia wa tajiri Burns. Mama, Marge, analea watoto watatu, Bart, Lisa na Maggie.

Naomba tukae na kipindi kimoja cha Novemba 1990. Bart anavua samaki mwenye macho matatu karibu na mtambo huo, wakaguzi wanafika, na Burns anaona ni nafuu kugombea ugavana kuliko kugharamia matengenezo. Mkesha wa uchaguzi anapangiwa chakula cha jioni kwa Homer, mbele ya wanahabari, na hata Lisa anaandikiwa swali la kumuuliza. Marge hahutubii. Anafunua sahani, na ndani yake yumo samaki yule yule ambaye mgombea amekuwa akimsifu hadharani. Burns anatia kipande mdomoni, kinamkataa kooni, anakitema, na ushindi unamponyoka.

Sisi tuliolelewa Uchagani tunajua kwamba anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza yeye, ili nawe unywe bila shaka. Marge amemdai kiongozi haki hiyo hiyo, tena kwa heshima zote za mwenyeji, na ndiyo maana naiona kejeli hii kuwa kali kuliko tusi lolote: mwongo hakubishiwa, amekaribishwa chakula.

Wakubwa waliliona hilo. Mnamo Januari 1992 Rais George H. W. Bush alitaka familia za Marekani zifanane zaidi na Waltons, familia ya tamthilia iliyosawiri mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kuliko Simpsons. Siku chache baadaye Bart alijibu kwamba wao pia wanaomba mdororo uishe.

Hapa kwetu mchora katuni Masoud Kipanya ametuonyesha kwa miaka mingi kwamba panya mdogo wa gazetini anaweza kusema na wakubwa. Vijana wachoraji mliomo humu, natamani mtuchoree na nyumba nzima ya hapa mlimani: bibi ameteka maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, uliochafuliwa, na mgeni wake wa msimu wa kampeni, aliyeyasifu jukwaani asubuhi, ameshika kata mkononi na bado hajanywa.