Ewa Krzyżewska, Dada wa Kaunta

Asanteni kwa kufika. Ikitajwa sinema ya Polandi ya miaka ya 1950, wengi humkumbuka mwigizaji Zbigniew Cybulski na miwani yake myeusi. Leo tumweke kando kidogo, ingawa Cybulski si mtu wa kukubali kuwekwa kando, tumtazame dada aliyekuwa ng'ambo ya kaunta.

Ewa Krzyżewska alizaliwa mwaka 1939, vita vikibisha hodi. Baba yake, Juliusz, alikuwa mshairi na mpiganaji wa Armia Krajowa, jeshi la siri lililopambana na Wajerumani. Aliuawa mwaka 1944 katika Maasi ya Warsaw, binti yake akiwa na miaka mitano. Mwongozaji Andrzej Wajda alipomchukua Ewa kwa ajili ya *Popiół i diament*, yaani *Majivu na Almasi*, filamu ya mwaka 1958, alikuwa angali mwanafunzi wa uigizaji.

Sasa oneni alichopewa kuigiza. Krystyna ni mhudumu wa baa hotelini, Mei 1945, usiku ule vita vinakwisha. Ni yatima wa vita. Anampenda Maciek, anayeigizwa na Cybulski, kijana aliyetumwa na wenzake wa jeshi la siri amuue katibu wa chama cha Kikomunisti. Na Wajda naye baba yake, ofisa wa jeshi, aliuawa na Wasovieti mwaka 1940. Sidhani kama Wajda na Ewa walihitaji kuelezana sana habari za Krystyna.

Kuna kipande cha kanisani. Kanisa limebomolewa, sanamu ya Kristo inaning'inia kichwa chini. Krystyna anasoma ubeti wa mshairi Norwid uliochongwa kaburini, anakwama pale herufi zilipofutika. Maciek anaumalizia kwa kichwa. Kisha kisigino cha kiatu kinavunjika. Kisigino tu! Lakini katika kuhangaika kukigongelea, wanakutana na maiti za wanaume wawili, haohao aliowaua Maciek kwa kukosea mtu. Cybulski muda wote hatulii, mikono haikai. Ewa anatulia, na kwangu mimi utulivu wake ndio unaofanya tuamini kwamba Maciek anaweza kuacha bunduki.

Baadaye alicheza *Zaduszki* ya Tadeusz Konwicki, 1961, na *Faraon* ya Jerzy Kawalerowicz, 1966, akiigiza mhusika aitwaye Hebron. Hapa nina lawama: katika *Faraon* uzuri wake umetumika kama pambo la jumba la kifalme. Dada aliyejua kusikiliza mbele ya kamera hakupewa mengi ya kusikiliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliacha uigizaji, akahamia nje ya nchi. Cybulski alikuwa amekwishafariki, 1967, chini ya treni katika stesheni ya Wrocław. Ewa alifariki mwaka 2003, kwa ajali ya gari Hispania.

Tutaonyesha kipande hicho cha kanisani sasa hivi. Mtazameni Ewa wakati Maciek anasema, halafu tupokee maswali.