Jinsi ya Kutoa Ahadi Unaposajili Wachezaji katika Hoops Dynasty

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutaangalia namna ahadi zinavyomvuta kijana wa sekondari achague chuo chako katika Hoops Dynasty, mchezo wa mtandaoni wa tovuti ya WhatIfSports, ambamo kila mshiriki ni kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kimoja cha Marekani na hugombania vijana wale wale na makocha wenzake. Ahadi ziko za aina mbili, yaani ahadi ya kuanza mechi na ahadi ya dakika za kucheza. Ziara ya nyumbani, yaani kumtembelea kijana kwao, hula bajeti yako ya usajili, na kadiri kijana anavyoishi mbali ndivyo gharama inavyopanda, lakini ahadi haipunguzi hata senti moja. Kwa sababu hiyo makocha wengi wageni huzigawa ovyo, wasione kwamba deni lake litalipwa msimu ujao, uwanjani.

Basi, kabla hujafungua orodha ya vijana, fungua kwanza kikosi chako na upige hesabu. Mechi ya chuo ya wanaume ina dakika 40, na wachezaji watano huwa uwanjani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mechi una dakika 200 za kugawa kati ya wachezaji 12. Tuseme wachezaji wanne watakaobaki ndio nguzo za timu, na kila mmoja anahitaji dakika 28. Hizo ni 112, zimebaki 88. Ukimwahidi kijana mmoja dakika 25, bado una 63 za kugawa. Ukiwaahidi watatu dakika 25 kila mmoja, unabaki na 13 tu kwa wachezaji watano wengine, na hapo hakuna kocha atakayeweza kupanga benchi. Hesabu hii ifanyeni kila msimu, hata kama mnaamini mnaikumbuka.

Hatua inayofuata ni kufungua ukurasa wa kijana na kusoma mapendeleo yake. Wapo wanaotaka chuo kilicho karibu na kwao, wapo wanaotafuta timu yenye mafanikio, na wapo wanaotaka kucheza mapema. Huyu wa mwisho ndiye anayestahili ahadi zako, kwa kuwa kinachompendeza ndicho unachompa. Kwa mwenye kutafuta mafanikio, ahadi hiyo hiyo si mvuto wake mkuu, na ninashauri umwekee nguvu katika ziara.

Sasa tazama vyuo anavyovifikiria. Kama mpinzani wako ana hadhi kubwa kuliko yako lakini kikosi chake kimejaa wachezaji wa mwaka wa pili na wa tatu katika nafasi anayocheza kijana huyu, mpinzani huyo hawezi kumwahidi kuanza bila kuumiza timu yake. Huo ndio mwanya wa chuo kidogo, na kwangu mimi ndio uzuri mkubwa wa mchezo huu. Hata hivyo, ahadi huongeza uwezekano tu, haimnunui kijana. Kati ya vyuo vilivyo karibu kumpata, mshindi huamuliwa kwa bahati nasibu yenye uzito, yaani anayeongoza ana nafasi kubwa zaidi, lakini bado anaweza kumkosa. Kwa hiyo usiache kumpa pointi za usajili, yaani zile zinazomwonyesha kuwa unamtaka, katika kila mzunguko wa usajili, wala usiache ziara, ukidhani umeshamaliza.

Akishasaini, kazi iliyobaki ni kutimiza. Ahadi isipotimizwa, mchezaji hukasirika na anaweza kuhama chuo, nawe utakuwa umepoteza kijana pamoja na kila ulichotumia kumpata. Aliyeahidiwa kuanza mechi awekwe wa kwanza katika nafasi yake kwenye mpangilio wa kikosi. Aliyeahidiwa dakika, mpangie dakika lengwa badala ya kuachia uchovu uamue, kisha weka lengo juu kidogo ya ulichoahidi, kwa sababu faulo tano humtoa mchezaji na dakika zake huishia hapo. Angalia pia stamina yake: kijana mwenye pumzi ndogo akilazimishwa dakika 25 atacheza amechoka. Kwa timu inayokaba uwanja mzima jambo hili ni zito zaidi, maana ukabaji huo huchosha na hudai benchi refu, kwa hiyo kocha wa aina hiyo aahidi dakika chache. Wala usifikirie kumpumzisha mwaka mzima mchezaji uliyemwahidi dakika.

Mwisho, unapopanga mechi za nje ya ligi yako, chagua baadhi ya wapinzani ambao kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuanza dhidi yao bila timu kupoteza. Kila baada ya mechi fungua takwimu, linganisha dakika alizopata na ulizomwahidi, na kama zimepungua, rekebisha mpangilio kabla ya mechi inayofuata.