Nilivyoisikia Culture mara ya kwanza, mji mzima hauna umeme

Assalamu alaykum jamani, hamjambo huko Unguja na Pemba? Mie niko jikoni kwangu hapa Northampton, mvua nje, watoto wamelala, kwa hiyo nikisema chini chini msinune. Leo sina duka la kuwaonesha wala safari. Majuzi niliweka kipande cha Culture Musical Club, kile kikundi cha taarab cha Unguja, kwenye video, binti mmoja akaniandikia: "Dada, wewe mbona bado kijana, taarab ya wazee umeipendea wapi?" Nikamwambia hilo siliandiki, nitakuja kulisema.

Basi wale wa umri wangu mnaukumbuka ule umeme. Disemba 2009. Umeme wetu wa Unguja unatoka Bara, unapita kwenye waya chini ya bahari mpaka Fumba, na siku hiyo ukakatika. Tukasema mpaka Isha utakuwa ushawaka. Ukaja kuwaka mwezi wa tatu! Kisiwa kizima kiza. Nyie Wapemba mlikuwa na majenereta yenu Wesha, mkitupigia simu kutupa pole na huku mnacheka, tukiwasikia.

Mie wakati huo niko skuli, katika ule umri wa kujifanya najua kila kitu. Kwetu Kikwajuni. Taarab niliyokuwa naijua ni ya spika. Tulikuwa na jirani, akiamka hamsalimii mtu mpaka aweke mipasho, na ukisikia kaweka nyimbo gani ushajua leo kagombana na nani. Umeme ulipokatika akanyamaza. Nikajua basi, taarab nayo imekatika. Redio ya betri ilikuwapo, lakini ya bibi, na betri za bibi ni za taarifa ya habari na matangazo ya vifo, hakuna kuzichezea.

Kazi yangu ikawa kupeleka simu kuchaji. Simu za nyumba nzima natia kwenye kikapu cha ukili, kila moja imefungwa kikaratasi cha jina, nakwenda nazo na mdogo wangu mpaka Vuga. Palikuwa na mtu ana jenereta dogo, unamlipa, anazichomeka zote kwenye ubao mmoja. Ukiondoka zinabadilishwa, kwa hiyo lazima usubiri. Na lile jenereta kelele zake, Mungu anisamehe, kichwa kinauma. Tukawa tunasogea pembeni kidogo kidogo, tusiziwike.

Hapo ndipo nikasikia fidla. Wala si moja, ni kadhaa, zinakwenda sauti moja, halafu ghafla zinakatika. Kimya. Zinaanza tena pale pale, zinakatika tena. Mdogo wangu akasema hawa hawajui kupiga. Tukafuata sauti.

Mlango uko wazi kwa joto, ndani karabai inavuma. Watu wamekaa duara, wengine kwa miaka ni wa kuitwa babu. Ndio hao Culture, walikuwa wanafanya mazoezi. Mimi macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, maana nilikuwa sijawahi kuiona karibu. Mpigaji kaipakata magotini, vidole vyake vya shahada vimevaa pete, na kwenye kila pete kimechomekwa kikwaruzo kama ukucha mrefu. Nyuzi zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima ziseme sauti moja. Ikiwa mmoja umelegea anauchukulia ufunguo mdogo, anazungusha kidogo, anasikiliza, anazungusha tena. Wenzake wote wanamngoja, wala hakuna anayeguna.

Walichokuwa wanakipiga, nilikuja kujua baadaye, ni bashrafu. Muziki usio na maneno, asili yake Uturuki, sisi umetufikia kwa njia ya Misri, na ndio wa kufungulia taarab. Akodian ilikuwa inaingia kabla ya wakati. Sikumsikia mtu akimfokea mwenye akodian. Mzee mmoja wa fidla akinyanyua upinde tu, wote wanasita, mwenye akodian anacheka peke yake, wanarudia. Wakarudia, wakarudia, mpaka mara ile moja ikaingia mahala pake, na ngoma ya dumbak ikaipokea chini. Mie nywele zikanisimama. Ningeisikia imekamilika tangu mwanzo pengine ningepita zangu.

Kuna mama mmoja alikuwa kwenye benchi na kikombe cha chai, kanga begani, nikidhani kaja kumsubiri mumewe. Bila ya kuinuka, bila ya kukiweka kikombe, akaanza kuimba. Hakuna maikrofoni, hakuna spika, na sauti yake ikaujaza ule ukumbi mpaka mlangoni nilipo. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza. Nilidhani sauti kubwa inatoka kwenye mashine.

Alipomaliza ubeti akanitazama: "Mwanangu, ama ingia ama ondoka, unatuzibia upepo." Nikaingia.

Kwenda nyumbani nikamsimulia bibi. Jamani, bibi yangu Malindi damu! Kwake yeye taarab ni Nadi Ikhwan Safaa, ndio hao tunaowaita Malindi, iliyoanza 1905, na Culture ya 1958 ni watoto wa juzi. "Umekwenda kuwasikiliza hao?" Akachukia kweli, lakini usiku ule ule akaniimbia mbili za Malindi kitandani ili nisiharibike. Akaniambia na habari za mwimbaji Siti binti Saad kupelekwa Bombay 1928 kurikodi santuri. Kwa hiyo kiza kile mie kilinifaa pande zote mbili.

Sasa nije kwenye langu. Mnaponitumia vile vipande vya taarab kwenye simu, mbona mnakata mwanzo? Mnaanzia pale mwimbaji anapofungua mdomo. Zile dakika za fidla na kanuni mnaziona kama adha. Jamani, zile ndizo zinazokutayarisha! Shairi likija umeshalainika. Na wapigaji wamezirudia zile dakika wiki nzima, wewe unakuja na kidole chako unazifuta. Sisemi taarab ya kinanda cha umeme mbaya, arusi yangu ilipigwa kinanda na nilicheza mpaka viatu nikavivua. Lakini kinanda kimoja hakiwezi kukupa ule ugomvi mdogo wa watu wengi wanaotafuta pahala pa kukutana. Culture wamezunguka Ulaya na muziki huu, Wazungu wanakaa kitako wanasikiliza bashrafu mpaka mwisho, wala maneno yetu hawayajui. Sisi tunaoyajua ndio wenye haraka.

Aliye mjini jioni yoyote, pita Vuga, sikiliza kama wapo kwenye mazoezi. Kama wapo, omba ruhusa kwanza, halafu nirikodie na makosa yote, na kurudia kote, usikate kitu. Nauli na bando nakutumia mie. Na nyie wa Malindi msinitukane, nikimpigia bibi kila Ijumaa ananitukana kwa niaba yenu.